Barua Kutoka Uingereza: Sista na Msimamizi Wake

Ndugu zangu wa Mombasa,

Nawaletea habari ya binti mmoja wa kwetu, muuguzi aliyetumikia hospitali za pwani miaka mingi kabla ya kuja huku, ambaye, baada ya kufaulu ule mtihani wa vitendo wenye vituo 10, ambao asiyeupita katika waliosomea kwetu haandikwi katika daftari la Baraza la Uuguzi na Ukunga, alikabidhiwa msimamizi wa kumzoeza kazi wodini, na tangu hapo hawapatani.

Ikhtilafu ilianzia kwenye bomba la sindano. Enoksaparini, dawa ya kuzuia damu isigande, huja imekwisha jazwa katika bomba lake pamoja na kiputo cha hewa, na kiputo hicho hakitolewi, maana ukikitoa waweza kumwaga na sehemu ya dawa. Naye binti, kwa ada aliyofunzwa ya kutoa hewa katika kila bomba, akaligonga kwa ukucha na kuanza kusukuma. Msimamizi akampokonya mbele ya mgonjwa, akipaza sauti hadi kitanda cha mwisho: "Huku hatufanyi hivyo!"

Kwa insafu, mama huyo wa Kiingereza alikuwa na haki katika dawa. Katika adabu hakuwa nayo hata chembe. Binti, kwa malezi yetu, aliinamisha macho akanyamaza, na kimya hicho, ambacho kwetu ni taadhima kwa aliyekutangulia, kikahesabiwa kuwa ni ujinga, au kibaya zaidi, kiburi.

Lakini lililomchoma hasa ni kutia kanula, ule mrija mwembamba wa mshipani. Kazi hiyo, aliyokuwa akiifanya hata umeme ukikatika, hakuruhusiwa kuigusa mpaka daftari lake la umahiri litiwe saini. Basi alikuwa akisimama na trei mkononi, akimtazama msimamizi akimdunga mzee wa watu mara ya pili na ya tatu, ilhali mshipa yeye aliuona. Kanuni siilaumu, kwani hospitali haiwezi kumwamini mtu kwa maneno matupu. Namlaumu mwenye kalamu, aliyechelewesha saini ili mgeni adumu kuwa mwanafunzi.

Nilimshauri amwendee mkuu wa wodi. Alisitasita, akichelea kuitwa mchongezi, hata alipotambua kwamba huku shida isiyotamkwa hudhaniwa haipo, akaenda. Ikaamuliwa kwamba akikosea asahihishwe katika chumba cha dawa, mlango ukiwa umefungwa, na kanula aitie chini ya macho ya sista mwingine.

Saini ameipata. Salamu za asubuhi bado ni za shingo upande.

Wasalaam,
Ndugu yenu