Mchezo huu unaisha lini?

Wiki hii tunaongea juu ya neno ambalo karibu kila mama mwenye kijana nyumbani amekwisha kulisikia: "Mama, namaliza sasa hivi." Analisema macho yakiwa kwenye televizyo, maneti ya PlayStation mkononi, na bukari inapoa. Tunangoja dakika kumi, tunangoja saa nzima, na bado anamaliza. Katika kikundi chetu tulitaka kujua: kumaliza maana yake ni nini, na kunachukua saa ngapi?

Ulizo hili lilitufikia miezi mitatu iliyopita. Siku ile, baada ya kugawa likelemba, mama mmoja alibaki amekaa wakati wengine wanaaga. Anauza ndagala sokoni. Mtoto wake wa kiume ana miaka 14 na anasoma sekondari. Kwa majuma kadhaa hesabu ya feza ya ndagala ilikuwa haitimii: leo inakosa franka 500, kesho kutwa 1 000. Walipokaa kuhesabu vizuri, ikawa franka 14 500. Mtoto hakukana. Alisema alizipeleka kwenye nyumba ya michezo, ile ambayo vijana wanalipa ili wacheze kwa nusu saa au saa moja.

Papa yake aliposikia, hakupiga kelele. Alisema tu kwamba masomo yamekwisha: Jumatatu kijana ataingia mtumbwini pamoja na wajomba zake, aende kuvua. Sisi wa Kalemie tunalijua ziwa. Linatulisha, na hatudharau kazi yake. Lakini tunajua pia kwamba mtoto anayeingia mtumbwini na miaka 14 ni nadra kurudi darasani.

Yule mama hakuja kutuomba feza. Alisema: "Ameniambia alikuwa karibu kumaliza. Nataka kujua kama ni kweli."

Basi tulikwenda kuuliza, mama watatu, alasiri moja. Nyumba yenyewe ni chumba kimoja: televizyo nne, mabenchi ya mbao, jenereta nyuma ya ukuta. Kijana anayeisimamia alitupokea kwa heshima, akawaondoa wadogo kwenye benchi moja ili tukae. Tulimuonyesha jina la mchezo. Alicheka kidogo, akasema: "Ba mama, huo haumaliziki hapa."

Mchezo huo unaitwa GTA San Andreas. Ulitoka mwaka wa 2004, na watengenezaji wake walikuwa Edinburgh, kule Scotland. Ni wa zamani, lakini kwa sababu unaenda kwenye PlayStation 2, mashine ambayo imeuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, bado unachezwa mahali pengi kama kwetu. Ndani yake mna miji mitatu, vijiji, jangwa na mlima, na kadiri hadithi inavyoendelea mchezaji anafunguliwa sehemu zote, azunguke anapotaka. Ndiyo maana michezo ya namna hii inaitwa michezo ya dunia wazi. Anaweza kufuata hadithi, au kuendesha baiskeli mchana kutwa bila kufanya kazi yoyote.

Hapo tukaanza kuelewa. Mechi ya mpira kwenye PlayStation ina mwanzo na mwisho: dakika kumi au kumi na tano, filimbi inalia, imekwisha. Mtoto akisema "namaliza mechi," tunaweza kumngojea. Lakini katika mchezo wa dunia wazi, neno "kumaliza" lina maana zaidi ya moja.

Maana ya kwanza ni kumaliza kazi moja ndogo, ile ambayo vijana wanaiita misyo. Inaweza kuchukua dakika kumi, na ukishindwa unairudia. Mara nyingi hiyo ndiyo anayoisema mtoto anapotuambia "sasa hivi".

Maana ya pili ni kumaliza hadithi nzima. Kwa San Andreas, mchezaji wa kawaida anahitaji karibu saa 30.

Maana ya tatu ni kumaliza kila kitu: kazi zote za pembeni, vitu vyote vilivyofichwa, hadi mchezo wenyewe uandike asilimia 100. Hapo saa zinapita 80. Na baada ya hapo dunia ile inabaki wazi, na anaweza kuendelea kuzunguka.

Na huu si mkubwa kuliko yote. Red Dead Redemption 2, uliotoka mwaka wa 2018, unadai karibu saa 50 kwa hadithi tu, na anayetaka kila kitu anapita saa 150. Breath of the Wild, mchezo wa Wajapani wa mwaka wa 2017, ni hivyo hivyo: karibu saa 50 kwa hadithi, na zaidi ya 150 kwa vyote. Lakini wapo mabingwa wanaoshindana kwa mbio, ambao wanaufikia mwisho wa mchezo huo huo chini ya nusu saa, kwa sababu wanaruka karibu kila kitu. Mchezo ni mmoja. Muda unategemea mtu anataka kumaliza nini.

Jioni ile tulikaa na daftari ya likelemba tukapiga hesabu. Mtoto akicheza saa moja Jumamosi na saa moja Jumapili, hadithi ya saa 30 inachukua majuma 15. Akianza masomo yanapofunguliwa mwezi wa tisa, atafika karibu na Noeli. Akitaka kila kitu, saa 80 ni majuma 40, yaani karibu mwaka mzima wa masomo. Sasa tuingize feza. Katika nyumba ile nusu saa ni franka 500. Hadithi ni franka 30 000. Kila kitu ni franka 80 000. Mama yule alitazama hesabu akanyamaza.

Lakini lilikuwepo jambo lingine, na hilo ndilo lililotugusa zaidi. Mashine ya PlayStation 2 haikumbuki kitu yenyewe. Ili mchezaji aendelee kesho pale alipoachia leo, lazima awe na kadi ndogo ya kumbukumbu inayochomekwa mbele ya mashine, na lazima ahifadhi mchezo kabla ya kutoka. Katika San Andreas hawezi kuhifadhi popote: anarudi kwanza kwenye nyumba yake ndani ya mchezo. Saa yake ikiisha akiwa njiani, au umeme ukikatika, yote yamepotea. Pale kwenye nyumba ya michezo, kadi iliyokuwepo ilikuwa ya wakubwa. Watoto wadogo walikuwa wanaanza upya kila siku.

Kijana wetu alilipa franka 14 500. Hizo ni nusu saa 29, yaani saa 14 na nusu. Angekuwa na kadi, angekuwa amefika karibu nusu ya hadithi. Bila kadi, alikuwa bado mlangoni. Alipomwambia mama yake kwamba anakaribia kumaliza, hakuwa anajua mwenyewe kwamba mwisho uko mbali namna gani. Hakuna aliyemwambia.

Tulimuita, si kumgombeza, bali atuelezee huo mchezo unasema nini. Alikaa kichwa chini kwa muda. Kisha akasema kwamba ni habari ya kijana mmoja anayeitwa CJ, aliyekuwa amehama mbali kwa miaka mitano. Anarudi nyumbani kwa sababu mama yake ameuawa. "Kila siku naanzia pale," alisema. "Anarudi, mama yake amekufa, anakwenda kwenye makaburi. Nilitaka kujua ni nani alimuua." Jibu la ulizo hilo haliji katika nusu saa ya kwanza. Mama yake alimtazama, akavuta kitambaa chake, akatazama upande wa ziwa.

Hayo hayaondoi kosa la kuchukua feza ya ndagala. Na hayafanyi mchezo huo kuwa wa watoto. Kwenye sanduku lake, Ulaya iliandika 18, maana yake ni wa watu wazima. Mna bunduki, magenge, matusi na mengine ambayo hatutayaandika hapa. Mmoja wetu, ambaye alikimbia kijiji chake wakati wa machafuko ya 2016 na 2017 na kuishi chini ya hema kando ya mji wetu, alisema wazi: "Mimi mlio wa bunduki nimeusikia wa kweli. Sitaulipia." Mwingine akajibu kwamba vijana wataucheza hata tukikataa, na ni afadhali wacheze nyumbani tukiwaona. Juu ya hilo hatukupatana, na mpaka leo hatujapatana. Kila mama ana nyumba yake.

Tulipopatana ni hapa: mtoto asitolewe masomoni kwa sababu ya saa 14 na nusu. Mama wawili wenye umri mkubwa walikwenda kuongea na papa yake. Hawakwenda kumfundisha kazi yake ya uzazi. Walikwenda na daftari. Walimuonyesha saa, feza, na kile kisa cha kadi. Alisikiliza, akauliza mara mbili kama ni kweli kwamba mchezo unafutika wote. Mwishoni akasema: "Deni alipe. Nikiona analipa, tutaongea."

Basi kijana anabeba maji na kumsaidia mama yake sokoni kila Jumamosi asubuhi, na kazi hiyo inahesabiwa franka 1 000. Jumamosi kumi na mbili zimepita. Amekwisha kulipa franka 12 000, zimebaki 2 500. Yuko darasani. Jumapili baada ya ibada anacheza mechi mbili za mpira nyumbani kwa mjomba wake, filimbi ikilia anarudi. Papa yake hajatamka kwamba amesamehe, lakini habari ya mtumbwi haijarudi mdomoni mwake.

Mama wengine watauliza: je, huu si ugonjwa? Tujihadhari na neno hilo. Shirika la Afya Duniani liliingiza tatizo la michezo ya video katika orodha yake ya magonjwa mwaka wa 2019. Lakini dalili zake si kuchelewa kula. Ni pale mtu anaposhindwa kabisa kujizuia, mchezo unashinda masomo, usingizi na watu wa nyumbani, anaendelea hata akiona unamharibu, na hayo kwa kawaida yanadumu miezi 12 au zaidi. Ukiyaona hayo, tafuta msaada kwa muganga wa afya. Serikali ya China yenyewe, mwaka wa 2021, iliwawekea watoto chini ya miaka 18 kipimo cha saa moja tu jioni ya Ijumaa, Jumamosi na Jumapili na siku za sikukuu, kwa michezo ya intaneti. Sisi hatuna sheria kama hiyo hapa. Sheria yetu ni ile tunayoiweka kwenye lupango.

Kwa hiyo, dada zetu, kabla ya kuchukua fimbo au kuuza mashine, tunawashauri mkae na mtoto na kumuuliza haya:

Mchezo huu ni wa mechi, au ni wa dunia wazi? Kama ni wa mechi, kubalianeni ni mechi ngapi. Kama ni wa dunia wazi, msikubaliane juu ya "kumaliza", kubalianeni juu ya saa.

Hadithi yake ni ya saa ngapi? Gawanyeni hizo saa kwa majuma, pamoja, kwenye karatasi. Mtoto akiona mwenyewe kwamba mwisho uko Noeli, haraka ya leo inapungua.

Unahifadhi wapi? Mpe dakika tano za kwenda kuhifadhi kabla ya kuzima. Ukizima ghafla, unamfutia kazi ya saa nzima, na kesho atataka kuirudia.

Ni wa umri gani? Namba imeandikwa kwenye sanduku. Soma namba, usitazame picha tu.

Na feza inatoka wapi? Hilo liulizwe mapema, likiwa bado franka 500.

Mama atakayetaka kuiona ile hesabu aje na daftari yake kwenye mkutano wetu ujao, baada ya likelemba. Ukiweza, njoo na mtoto pia. Yeye ndiye atakayetueleza mchezo, na sisi tutahesabu saa.