Miguuni pa Mlima, Kati ya Saguaro

Kila mgeni anayefika Tucson, Arizona, huulizwa atapanda kilele gani. Mji umezungukwa na milima: Santa Catalina kaskazini, Rincon mashariki, Santa Rita kusini, na magharibi ile safu fupi, kavu, ya majabali yaliyochongoka, inayoitwa Tucson Mountains. Ushauri wangu ni kwamba vilele viachwe. Sisi wa Afrika Mashariki tumezoea kupanda mlima ili tupige picha kwenye ubao wa kileleni. Hapa mali imewekwa chini, pale ardhi inapoanza kunyanyuka, kwenye miteremko ya kokoto ambako saguaro zimesimama kwa maelfu.

Saguaro ndiyo kaktasi kubwa kuliko zote za Marekani. Iliyokomaa huweza kupita mita 12 na kuwa na uzito wa tani kadhaa, maji yakiwa ndiyo sehemu kubwa ya uzito huo. Filamu za kauboi zimeitapanya hadi Texas, lakini kwa asili haioti huko. Kwao ni Jangwa la Sonora tu, yaani kusini mwa Arizona, jimbo la Sonora huko Meksiko, na vijipande vichache vya California. Na hata ndani ya jangwa hilo inachagua mahali. Usiku wa kipupwe hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka na kutuama bondeni. Mmea uliojaa maji ukigandishwa saa nyingi hufa. Juu kabisa nako theluji huanguka. Katikati ndipo penye nafuu: mawe ya mteremko yameshika joto la mchana, baridi imeshapita kwenda chini, na mvua hupenya haraka kwenye kokoto. Mizizi mingi ya saguaro haizami zaidi ya sentimita 15 au hivi, ila husambaa pande zote kwa umbali unaolingana na urefu wa mmea wenyewe. Tone likianguka, linawahiwa.

Njia niliyoipita ni ile ya King Canyon, inayoanzia ng'ambo ya barabara kutoka Jumba la Makumbusho ya Jangwa la Arizona na Sonora, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saguaro. Upande wa mashariki wa hifadhi ulianza kulindwa mwaka 1933, huu wa magharibi ukaongezwa 1961, na jina la hifadhi ya taifa likaja 1994. Nilikwenda mwezi Machi na mwenyeji wangu, mzee wa Uvira aliyehamia Tucson pamoja na familia yake. Mji huu umepokea Wakongo na Warundi wengi, na Kiswahili utakisikia sokoni. Kabla hatujashuka garini alinikabidhi chupa mbili zaidi za maji, kisha chanuo.

"Baba, mimi nywele sina," nikamwambia.

"Si ya nywele, mwanangu. Utaona."

Niliona baada ya muda mfupi. Kuna kaktasi fupi iitwayo choya, yenye manyoya meupe ya kuvutia ukiiangalia jua likiwa nyuma yake, na manyoya hayo yote ni miiba. Vipande vyake hukatika kwa kuguswa tu, vikajikita kwenye suruali, kiatu au ngozi. Ukivitoa kwa mkono, mkono nao unanaswa. Unapitisha meno ya chanuo kati ya kipande na nguo, unakirusha mbali, unaendelea na safari. Kila mtu anayetembea huku analo mfukoni.

Usiku uliotangulia mvua ilikuwa imenyesha, ile ya taratibu ya majira ya baridi. Jangwa hili lina misimu miwili ya mvua, jambo ambalo mtu wa pwani yetu hahitaji kufafanuliwa: ya baridi ni ya rasharasha za muda mrefu, na ya kiangazi, kuanzia Julai hivi, huja na radi, upepo wa vumbi na mafuriko ya saa moja, pepo zinapogeuka na kuleta unyevu kutoka Meksiko na Ghuba ya California. Baada ya mvua, vichaka vya kriosoti hutoa harufu kali ya majani na udongo inayojaza bonde zima. Pembeni mwa njia kulikuwa na vichaka vingine vya maua ya njano, na utomvu wake mkavu mapadri wa Kihispania walikuwa wakiuchoma kanisani badala ya ubani. Na saguaro zilikuwa zimevimba. Shina lake lina mikunjo ya wima kama sketi ya marinda; likinywa, marinda hufunguka, na kiangazi kikikaza hujifunga tena.

Mzee alinionyesha moja ambayo nisingeiona mwenyewe, chini ya mti wa paloverde, mti wenye gome la kijani linalofanya kazi ya majani. Saguaro hiyo ilikuwa ndogo kuliko kidole changu gumba. Inawezekana ina miaka 10. Mche usiopata kivuli cha mti mlezi hauwezi kuvuka jua la miaka ya mwanzo, na huchukua miaka 50 hadi 100 kabla ya kutoa mkono wa kwanza. Baadhi huishi zaidi ya miaka 150. Maana yake, zile zenye mikono mitano au sita pale mbele yetu huenda ziliota kabla Arizona haijawa jimbo, 1912. Na mti mlezi mara nyingi hufa kwanza, kwa sababu mtoto aliyelelewa amekua na kuyafikia maji kabla yake. Sijui kwa nini jambo hilo lilimchekesha sana mzee, mwenye watoto saba.

Karibu kila saguaro kubwa ina matundu. Vigong'ota huyachimba kwa ajili ya kutagia, mmea ukafunika kidonda kwa gamba gumu, na ndege wakishahama wapangaji wengine huingia, akiwemo bundi mdogo kuliko wote duniani. Saguaro ikifa na nyama yake kuoza, gamba lile hubaki zima, na watu wa hapa walilitumia kama chombo.

Watu hao ni Watohono O'odham, wenye ardhi hii tangu kale, na kwao saguaro huhesabiwa kuwa watu. Matunda huiva mwishoni mwa Juni, wakati wa joto kali kuliko wote. Huyaangua kwa upembo mrefu uliofungwa kutokana na mbavu za saguaro iliyokufa, huchemsha nyama yake nyekundu hadi iwe asali nzito, na sehemu yake huchachushwa kuwa mvinyo wa sherehe ya kuita mvua. Mwaka wao mpya huanzia hapo. Serikali nayo, kwa njia yake, inaziheshimu: kila miaka 10 hifadhi hufanya sensa ya saguaro, na makadirio yanafika karibu milioni 2. Kukata saguaro bila kibali ni kosa la jinai. Mwaka 1982 mtu mmoja karibu na Phoenix aliipiga saguaro risasi kwa mchezo, ilimwangukia, akafa. Hadithi hiyo husimuliwa hapa bila huruma.

Tulifika kwenye mkondo mkavu ambako kuta za mawe zina michoro iliyochongwa na Wahohokam karne nyingi zilizopita, wanyama na mizunguko. Tukakaa karibu na vibanda vya mawe vilivyojengwa na vijana wa mpango wa ajira wa miaka ya 1930. Hapo ndipo nilipoyaona majani niliyoyajua.

Ni nyasi za kwetu. Mbegu zake zililetwa Arizona kutoka Afrika kwa ajili ya malisho ya ng'ombe, na aina iliyotumika sana Marekani asili yake ni nchi ya Turkana, Kenya. Zilipotoroka ranchi zikapanda milimani na kujaza nafasi kati ya mmea na mmea. Jangwa hili halikuumbwa kwa moto. Zamani cheche ilikosa njia ya kusafiri. Nyasi zimeijenga njia hiyo, tena zenyewe huchipua upya baada ya kuungua, na saguaro hazichipui. Watu hujitolea kuja na mitaimbo kuzing'oa shina kwa shina. Nilimsimulia mzee habari ya Laikipia, ambako dungusi kutoka Amerika imefunika malisho na miiba yake midogo huumiza mbuzi midomoni. Akatikisa kichwa. "Kwa hiyo tumelipana."

Anayetaka kuja aje kati ya Novemba na Machi, na achukue lita 4 za maji kwa siku. Mbwa hawaruhusiwi njiani. Kuanzia Aprili tazama unapokanyaga, nyoka wenye manyanga wameamka. Mwenye kulivumilia joto aje Mei, saguaro zinapochanua juu kabisa ya mikono yao: ua jeupe hufunguka usiku, hutembelewa na popo, halafu njiwa na nyuki hulirithi asubuhi, na alasiri limekwishajifunga moja kwa moja. Uwe njiani saa kumi na moja na nusu alfajiri. Saa nne jua litakuwa limekufukuza.