Kabla ya Boom Kulikuwa na Kimpumu

Kila ikifika Septemba, kwenye grupu letu la darasa huzunguka zile video za Oktoberfest. Mahema makubwa, tarumbeta zinalia, mdada amebeba vikombe kumi vya bia bila kumwaga tone, watu wasiojuana wamebanana benchi moja wanaimba. Chini yake tunaandika: "Wenzetu wana utamaduni." Halafu mtu huyohuyo ukimwambia likizo ulishinda kilabuni kwenu, anakuuliza ulevi umeanza lini.

Sina ugomvi na Wajerumani. Sherehe yao ilianza Munich mwaka 1810, kwenye harusi ya mrithi wa ufalme wa Bavaria, na mpaka leo mahema yale yanauza bia iliyotengenezwa Munich tu. Mwaka 2024 kikombe cha lita moja kilianzia zaidi ya yuro 13, kama shilingi 40,000 hivi. Kwa boom letu la 10,000 kwa siku, hapo umenyanyua chakula na malazi ya siku nne kwa mkono mmoja. Na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich, kwenye kampasi ya Weihenstephan, kinatoa shahada ya kutengeneza bia. Cha kwao wanakiheshimu na wanakisomea. Sisi je?

Mimi ni wa Mollo, Manispaa ya Sumbawanga. Wengi wakisikia Mollo wanakumbuka gereza la kilimo, na wakisikia Sumbawanga wananiomba nisiwaroge. Wajerumani nao walifika huko kwetu: boma lao la Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, waliliita Bismarckburg. Boma limebaki historia. Kimpumu kinaendelea kunywewa.

Kilabu cha kwetu ni nyumba ya matofali ya kuchoma, bati juu, benchi za mbao kuzunguka ukuta. Agosti 2024 nilikwenda pale na mwenzangu wa Tanga, tuliyekuwa naye TP kwenye sekondari za jirani. Agosti Ufipa ni upepo na baridi, tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mtoto wa Tanga alikuwa amevaa masweta mawili. Kila mama pale ana siku yake ya kuuza. Jumamosi ile ilikuwa zamu ya bibi yangu.

Kimpumu ni pombe ya ulezi na haisubiri friji. Kinachowekwa kwenye chombo ni uji mzito uliochachuka. Unamiminiwa maji ya moto, unatulia kidogo, kisha unavuta kwa mrija. Maji yakiisha unaongezewa mengine, na machicha yaleyale yanakuvumilia mara kadhaa mpaka ladha ipauke. Bibi alivuta kwanza mwenyewe, mbele ya wateja, wajue haina kitu. Kisha mrija ukaenda kwa mzee kuliko wote. Mwenzangu hanywi, dini yake haimruhusu, na hakuna aliyemshurutisha. Bibi alikuwa amemtengea togwa.

"Mbona hapa kama baraza la kata?" akaninong'oneza. Ndani ya saa mbili tulishuhudia ikimalizwa kesi ya mbuzi aliyekula maharage ya mtu, zikachangwa rambirambi za msiba, na mzee mmoja akatueleza kilimo cha ntumba: nyasi unazifukia kwenye matuta ya mviringo, zinaoza, ardhi inapata nguvu ya kubeba ulezi. Zamani, akasema, ukitaka kulima shamba kubwa ulipika pombe kwanza, majirani wakaja na majembe. Bila pombe unalima na mkeo tu.

Sitaipamba. Jioni ileile baba mmoja alilala chini ya benchi, na mtoto wake alikuja kumchukua akiwa bado na sare za shule. Viongozi wanaopiga marufuku vilabu kufunguliwa saa za kazi wana hoja. Ila mimi ninayesomea ualimu najua pia fedha ya pale inakwenda wapi. Nilipoingia kidato cha kwanza mwaka 2016, elimu bila malipo ndiyo kwanza inaanza. Ada ilifutwa, sare na madaftari havikufutwa. Kidato cha tano na cha sita tuliendelea kulipa, na ada hiyo ilikuja kufutwa mwaka 2022 nikiwa nimeshamaliza. Pengo lote hilo liliziba kwa ulezi wa bibi. Hapa chuoni tunahesabu siku za kusaini boom. Boom langu la kwanza lilitoka kwenye mtungi.

Sasa njoo darasani. Kidato cha pili, Baiolojia, mada ya upumuaji bila oksijeni. Nikauliza nani amewahi kuona kitu kinachachuka nyumbani kwao. Wanafunzi arobaini na kitu, kimya. Wengine waliangalia madawati. Kipindi kilipoisha binti mmoja akanifuata koridoni.

"Ticha, kimea ukikiacha mpaka majani yatoke, pombe haipati nguvu."

Nikamuuliza kwa nini hakusema mbele ya wenzake.

"Wataniita mtoto wa kilabuni."

Hiyo sentensi ilinikosesha usingizi. Yule binti alikuwa na jibu ambalo kitabu chetu hakina. Kitabu kinasema chukua glukosi na hamira. Hakisemi sukari inatoka wapi kama huna glukosi ya maabara. Binti anajua: ulezi ukiloweshwa na kuachwa uote, vimeng'enya ndani ya mbegu vinaanza kugeuza wanga kuwa sukari. Ukichelewa, mche unajilia sukari yake wenyewe. Hayo ameyajua akiwa na ndoo kichwani na moshi machoni. Akifika shule anafundishwa ayafiche.

Jumamosi ya kilabuni nilikuwa na daftari, na bibi alinieleza hatua moja moja. Jumatatu nikaingia na chupa mbili za maji zilizokwisha, maputo mawili, uji wa ulezi uliopoa ukabaki vuguvugu, na hamira kidogo sawasawa kila chupa. Moja nikaitia unga wa kimea, nyingine sikuitia. Mwalimu mmoja aliguna, "Sasa mnapika pombe shuleni?" Nikamwambia tunapika hewa. Asubuhi puto la kimea lilikuwa limesimama, la pili limelala. Nikauliza kwa nini. Mkono mmoja ukapanda, wa yule binti. Alieleza Kiingereza kikamwishia, akamalizia Kiswahili. Kuna waliocheka mwanzoni. Baadaye swali likatoka nyuma: "Kwenu mnaloweka siku ngapi?" Hapo nikajua wasiosema walikuwa wengi. Tukamwaga chupa zote mbili mbele ya darasa, tukaandika muhtasari.

Simaanishi kila kilabu kijengewe hema kama la Munich. Nasema shule isimlipishe mtoto ada ya pili, ya kumwonea aibu mama aliyemlipia ya kwanza. Wenzetu wamefikisha kazi ya bia chuo kikuu. Ya kwetu inaishia jikoni kwa akina mama ambao hakuna anayewauliza kitu.

Na wao hawana hamu ya kurithisha. Nilimuuliza bibi kama atamfundisha mdogo wangu wa kike kupika. Alikataa palepale. "Mjukuu wangu, mimi napika ili yeye asipike. Moshi huu umenila macho." Sikuwa na la kumjibu. Macho ni yake. Alifunika mtungi, akaliangalia daftari langu, akasema, "Wewe andika. Humo hamna moshi."

Mpaka sasa nimejaza kurasa kumi na nne, na bado hatujafika kwenye mchanganyiko wa pili. TP nyingine inakuja. Utakayepangiwa Moshi, kuna mbege. Iringa, kuna ulanzi. Pwani, kuna mnazi. Si lazima unywe. Kabla ya kutuma mtu mjini akununulie hamira, uliza darasani kwako nani mama yake anapika au baba yake anagema, na uliulize kwa namna ambayo mtoto ataweza kunyoosha mkono.