Filamu ya Dakika Tisa

Aghalabu tuzungumzapo utamaduni wa taifa huwa tunafikiria ngoma, mavazi, methali na vyakula, yaani mambo ambayo mtu aweza kuyaonyesha kwa wageni bila kuona haya. Ni mara chache tunayafikiria yale ambayo watu wetu wameyaficha ndani ya nyumba zao kwa vizazi vitatu au vinne. Mimi nami nilikuwa katika kundi hilo hadi mwaka 2018, nilipokabidhiwa kulea klabu ya historia katika shule moja ya sekondari hapa Tabora, na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wakaniambia kwamba wanataka kutengeneza filamu.

Walikuwa kumi na wawili. Vifaa vyetu vilikuwa simu mbili, moja ikiwa yangu, na kiguzo cha miti mitatu alichotuchongea fundi seremala ili simu isitikisike. Muda tuliokuwa nao ulikuwa majuma matano, kuanzia katikati ya Oktoba. Nilikwisha kuona filamu fupi za kwetu, miongoni mwao Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, nikajua kwamba kisa kidogo kilichoshikwa vizuri hutosha. Kwa hiyo nikawawekea sharti la kwanza: dakika tisa, wala si zaidi.

Andiko lao la kwanza lilikuwa na maonyesho arobaini. Ndani yake mlikuwa na mnyororo mrefu, Mwarabu mwenye kiboko, na mwishoni Mzungu mwenye Biblia akija kuwafungua watu. Nilipowauliza wameyatoa wapi hayo, wakajibu, "Kitabuni, Mwalimu." Sikuwalaumu. Yeyote aliyesoma shule zetu ameiona picha ile ya mnyororo. Lakini sisi tunaishi Unyanyembe, mahali penyewe, na ilikuwa aibu kutunga habari za nyumbani kwetu kwa kuazima macho ya watu wengine. Nikawatuma Kwihara na vijiji vya jirani, wakaulize wazee.

Walirudi na maneno ya mzee mmoja aliyekasirika. Walipomwamkia na kumweleza habari za mnyororo, aliwauliza ni nani aliyewaambia kwamba babu zake walifungwa. "Babu wa baba yangu alikwenda pwani kwa miguu yake na kwa ujira wake," akasema. "Kijana ambaye hajaiona pwani hakupata mke hapa."

Mzee alikuwa na haki. Wanyamwezi waliobeba pembe za ndovu kwenda Bagamoyo, na kurudi na merikani, kaniki na ushanga, wengi wao walikuwa wapagazi huru waliopatana mshahara wao na kudai posho yao, na walipodhulumiwa walitua mizigo wakaondoka zao. Mbele yao alitangulia kirangozi, na barghumu ilipolia msafara uliinuka. Wanawake pia walisafiri humo. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857, wakafika Kazeh, ambayo ndiyo Tabora ya leo, mwezi Novemba. Njia waliyoifuata haikuwa yao, ilikuwa ya wapagazi tangu zamani. Na hata Livingstone, ambaye tembe alimokaa mwaka 1872 lilijengwa upya na linatunzwa hadi leo pale Kwihara, asingalizikwa London kama Susi, Chuma na wenzao wasingalikataa shauri la Cameron, aliyewakuta Unyanyembe mwaka 1873 akiwataka wamzike huku huku. Waliubeba mwili wake hadi baharini.

Basi tukaanza upya. Tulichagua kisa cha kijana anayetoka kwao kwa mara ya kwanza kumfuata kirangozi, na katika nyika ya Mgunda Mkali, maji yakiwa yamekwisha, anataka kutua mzigo na kukimbia. Kila onyesho nililitaka lijibu maswali mawili: nani anataka nini, na ni kitu gani kinamzuia? Lisiloweza kujibu lilifutwa. Kutoka arobaini tulibaki na kumi na moja. Wakayachora katika madaftari, kila onyesho katika kisanduku chake, watu wakiwa vijiti tu, ili mpiga picha ajue asimame wapi. Ratiba tuliipanga kwa kufuata jua. Tulipiga picha saa moja hadi saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi na moja jioni, kwa maana jua la mchana la Tabora huunguza nyuso zote zikawa vivuli vyeusi chini ya anga jeupe.

Kuhusu mizigo nilipata somo ambalo sikulitarajia. Waigizaji walijaza magunia nyasi kavu, wakatembea kama watu wanaokwenda arusini. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani zaidi ya kilo thelathini. Nikawaambia watoe nyasi watie mchanga, twende tukapime dukani. Kwa usalama wao tuliishia kilo ishirini. Hawakumaliza hata nusu kilometa kabla ya kutaka kupumzika. Shingo zilikaza, maneno yakapungua, miguu ikaanza kutafuta pa kukanyaga. Hapo sikuwa na haja tena ya kumwelekeza mtu namna ya kuigiza.

Kazi ya kunasa sauti alipewa msichana mmoja mkimya, ambaye sitamtaja jina. Ndiye aliyegundua kwamba simu ya pili, ikifungwa kitambaa chepesi na kufichwa karibu na msemaji, hupunguza kelele za upepo. Siku moja tukirudi kutoka mazoezini alinisogelea akaniuliza: "Mwalimu, na wale ambao hawakwenda pwani, bali waliletwa?" Nikamwuliza ana maana gani. Akasema kwamba nyumbani kwao bibi yake huwa anasema, "Sisi tulikuja."

Nilielewa mara moja, na nakiri kwamba nilifurahi kama mvuvi aliyesikia uzi ukivutwa. Maana ule ukweli wa mzee wa Kwihara, ingawa ni ukweli, haukuwa wote. Baadhi ya waliotajirika kwa biashara ya pembe walitumia mali yao kujipatia watumwa wa kulima mashamba wakati wanaume wako safarini. Hali ya utumwa iliondolewa kisheria Tanganyika mwaka 1922 tu. Watu wale hawakurudi kwao. Walibaki hapa hapa, wakaoa na kuolewa, wakawa Wanyamwezi.

Bibi alitupokea vizuri. Tulimkuta akipanda karanga, kwani mvua zilikuwa zimeanza. "Mwangaluka," alitusalimu, akatuketisha mwembeni, na mjukuu wake akaweka simu yake iliyofungwa kitambaa juu ya kigoda. Akatusimulia habari za bibi yake, aliyeletwa akiwa mtoto kutoka Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Njiani aliugua, na msafara ukamwacha Unyanyembe kwa kubadilishana na nguo. Alipewa jina la hapa. Lugha yake aliisahau yote isipokuwa kitu kimoja: alipokuwa akipanda mbegu alihesabu kwa maneno ambayo hakuna mtu kijijini aliyeyajua. Bibi akayatamka, moja hadi tano, akidondosha karanga za kuwazia kutoka kiganjani. Baada ya hapo hakukumbuka, akacheka.

Maelezo hayo yalichukua dakika mbili na nusu. Tuliyaweka kati ya onyesho la kiu na onyesho la kufika, na filamu yote ikabadilika. Kijana mwenye mzigo hakuwa peke yake tena njiani. Mwishoni mwa Novemba tuliwaonyesha walimu na wazazi wachache katika bwalo, na watu walinyamaza kimya.

Siku ya tatu alikuja mjomba wa yule msichana. Hakugomba. Alisema kwamba kijijini kwao kuna shauri la shamba, na upande wa pili umekuwa ukitafuta neno kama hilo kwa muda mrefu. Kwamba mtu kuitwa mtoto wa mtumwa, hata leo, kunatosha kumnyamazisha barazani na kuvunja posa ya binti. Akaomba maneno yale yatolewe. Nilikwenda kwa bibi mwenyewe nikitumaini, nasema kweli, kwamba atamkatalia mwanawe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Mwalimu, mimi nilisema na mjukuu wangu. Sikusema na mji."

Ndugu msomaji, wewe uliye mwalimu utaona mara moja kosa lilikuwa la nani. Nilikuwa nimepanga mwanga, chakula, betri, uzito wa magunia na ruhusa ya kuingia mahali pa kumbukumbu. Wazazi wa waigizaji wote walikuwa wametia saini. Lakini kwa bibi niliona karibisho lake kuwa ruhusa tosha. Sikumweleza kwamba sauti yake itasikika bwaloni, wala sikurudi kumwonyesha kabla ya wengine kuona. Katika mipango yangu yote hapakuwa na mahali palipouliza maneno haya ni ya nani.

Tulizitoa dakika mbili na nusu. Bibi alituruhusu kubakiza mikono tu, bila uso na bila sauti, nayo imo hadi leo kwa nukta kumi na moja.

Ndipo ikaja tathmini. Nilikuwa nimeandaa alama mia: andiko ishirini na tano, picha ishirini na tano, sauti ishirini, uigizaji ishirini, kuheshimu muda kumi. Nilipomfikia msichana wa sauti nikakwama. Kazi yake bora haikuwamo katika filamu. Nikapendekeza apewe alama za kile alichokinasa, na darasa likagawanyika. Kijana mmoja, mwenye akili na asiyeogopa, alisema mtihani husahihisha kilichoandikwa wala hausahihishi kilichofutwa. Mwenzake akamjibu kwamba kama ni hivyo, anayejua kufuta jambo jema kwa sababu njema atakuwa anapoteza alama siku zote, na mwenye kulibakiza kwa ukaidi atashinda. Walibishana hadi kengele ya chakula. Yule msichana hakusema neno. Baadaye alinifuata akaniambia hataki alama hizo, kwa sababu zingewafanya watu waulize ni za nini.

Mwaka uliofuata tuliipeleka filamu katika mashindano fulani. Haikupata kitu. Mwamuzi mmoja aliandika kwamba picha ni nzuri na mizigo inaaminika, lakini katikati kuna pengo, na kwamba waandaaji wangetafuta ushuhuda wa mtu halisi ili kazi ipate uhai. Wanafunzi walipousoma ule ukurasa walinitazama. Nilikunja karatasi, nikawaambia kwamba amesema sawa kuhusu pengo. Sikumwandikia mwamuzi kumweleza sababu yake.

Tangu hapo, kila klabu mpya huanza kwa kuitazama filamu hiyo, na kila mwanafunzi huandika alama zake kabla hatujazungumza. Karibu wote huuliza ile mikono inayopanda karanga inafanya nini katika habari za wapagazi, na wengi huipunguzia alama kwa ajili hiyo. Nakala ya maneno ya bibi niliifuta katika simu yangu mbele ya mjukuu wake. Nyingine aliichukua yeye. Katika daftari langu la alama la mwaka 2018, mbele ya jina lake, safu ya sauti bado iko wazi.