Kifaa Kisichojulikana

Skana ilifika Kiwangwa ndani ya mfuko wa rambo, juu ya mapaja ya abiria wa basi dogo litokalo Bagamoyo, ikiwa imeviringishwa kwa kanga kuukuu ili kioo chake kisipasuke. Haikuwa na boksi, haikuwa na kijitabu cha maelezo, wala haikuwa na ile sahani ya programu ambayo kwa kawaida huandamana na vifaa vya namna hiyo vinapotoka kiwandani. Ilikuwa ya mtumba. Binti aliyeinunua Dar es Salaam alimpelekea baba yake, mwalimu mstaafu aliyerudi kwao kulima mananasi, kwa sababu moja tu: madaftari matatu ya bibi yake yalikuwa yanakwisha.

Marehemu bibi huyo, mama yake Mwalimu, aliandika maisha yake yote. Aliandika tungo za arusini na za msibani, dua, dawa za watoto, hesabu za shamba, na majina ya waliozaliwa na waliotangulia mbele ya haki. Lugha yake ilikuwa Kiswahili, na herufi zake zilikuwa za Kiarabu, kama ilivyokuwa desturi ya pwani hii kwa karne nyingi. Kisha zilikuja shule za Wajerumani na baada yao za Waingereza, nazo zikaeneza herufi za Kirumi. Na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili, ilikuwa ni kwa herufi hizo za Kirumi. Khati ya zamani ikabaki vyuoni na majumbani. Wajukuu wa bibi huyu wanakisema Kiswahili alichokisema yeye, lakini hawawezi kusoma hata ukurasa mmoja wa alichokiandika. Katika ukoo mzima amebaki msomaji mmoja, naye amekwisha kuvuka miaka 70.

Mchwa walikuwa wamekula pembe ya daftari la pili. Wino wa daftari la kwanza ulikuwa umefifia ukawa na rangi ya chai ya rangi. Mjukuu mmoja alijaribu kuzipiga picha kurasa kwa simu, usiku, chini ya taa ya chumbani. Picha zilitoka, lakini nukta zilipotea. Na anayeijua khati ile anaelewa maana ya kupotea kwa nukta: ondoa nukta, na neno *baba*, na neno *tata*, na neno *nana*, yote matatu yana umbo moja. Nukta moja chini ni *ba*, mbili juu ni *ta*, moja juu ni *na*. Picha isiyoonyesha nukta imehifadhi karatasi, haikuhifadhi maneno. Ndiyo maana ikatafutwa skana.

Siku ile ile Mwalimu aliichomeka skana katika kompyuta mpakato yake. Taa ndogo iliwaka. Kompyuta ikatoa mlio wa kuonyesha kwamba imehisi kitu, ikangoja kidogo, kisha ikaandika kwamba kifaa hiki haikitambui. Akachomoa, akachomeka tena. Jibu likawa lile lile.

Fundi wa kwanza aliyeendewa, katika mji wa jirani, alipakua kutoka kwenye intaneti programu iliyojinadi kuwa inatafuta viendeshi vya kila kifaa duniani. Programu ile haikuleta kiendeshi hata kimoja. Ilileta matangazo yaliyofunika kioo, ikaifanya kompyuta kuwa nzito, kisha ikadai fedha. Fundi akatoa hukumu: “Hii imekufa, Mzee. Niachie, nitaitoa vipuri.” Akataja bei. Mwalimu akafikiri njia nzima. Fedha ile ingetosha kununua miche ya mananasi, na mwanawe asingejua. Lakini alipofika nyumbani hakuirudisha skana kwenye rambo. Aliiweka juu ya kabati, kando ya madaftari.

Ikakaa pale hadi alipokuja likizo kijana mmoja wa pale pale Kiwangwa anayesoma chuo, mtoto wa mtu ambaye Mwalimu alimfundisha darasa la tatu.

“Shikamoo, Mwalimu. Nimesikia una mgonjwa.”

“Marahaba, mwanangu. Si mgonjwa. Ameshatangazwa kuwa maiti.”

“Aliyemtangaza alimwuliza jina?”

Mwalimu alidhani anataniwa. Kijana hakuwa akitania. Alieleza kwamba kutotambulikana kwa kifaa kuko kwa namna mbili, na kwamba anayezichanganya hutupa vitu vizima. Namna ya kwanza ni kifaa kisichosema kitu. Kompyuta hukiuliza, nacho hunyamaza au hubabaika. Hapo pengine waya umekatika ndani, au tundu limelegea, au umeme hautoshi, au kweli kifaa kimeungua. Namna ya pili ni kifaa kinachojibu vizuri kabisa, lakini kompyuta haina wa kuyafasiri majibu yake. Dalili za nje hufanana. Mtu akitazama ujumbe wa kioo tu, husema yote mawili ni kifo.

Baina ya mfumo endeshi wa kompyuta na kila kifaa hukaa programu ndogo. Mafundi wa mtaani huiita *draiva*. Wanaopenda istilahi huiita *kiendeshi*. Majina yote mawili yanaleta picha ya mtu aliyeshika usukani, na picha hiyo inapotosha kidogo. Kazi yake ni ya mkalimani zaidi. Mfumo endeshi unasema kwa lugha ya jumla: soma ukurasa. Skana haijui maneno hayo. Inajua kuwasha taa yake, kusogeza mkono wake hatua kadhaa, kupima mwanga, kurudisha tarakimu. Kiendeshi ndicho kinachoijua lugha ya pande zote mbili. Kasipokuwapo kajiprogramu hako, vitu viwili vizima hukaa meza moja kama mabubu.

Kijana alifungua orodha ya vifaa katika kompyuta. Pale palikuwa na mstari wenye alama ya mshangao ya rangi ya manjano. Akaufungua, akateremka hadi penye maelezo ya kitambulisho, akamwonyesha Mwalimu namba mbili, kila moja ya tarakimu nne.

“Haya ndiyo majibu yake,” akasema. “Yamekuwapo tangu siku ya kwanza.”

Kila kifaa cha USB kinapochomekwa hutaja namba mbili: ya kwanza ni ya kiwanda, ya pili ni ya aina ya kifaa chenyewe. Zinaandikwa kwa hesabu ya msingi wa 16, yaani 0 hadi 9 kisha A hadi F, na kwa tarakimu nne hupatikana namba 65,536 tofauti. Vifaa vinavyokaa ndani ya kompyuta navyo vina utaratibu unaofanana na huo. Huko kampuni ya Intel imejulikana kwa namba 8086, ambayo ni jina la prosesa yake ya mwaka 1978. Jina lililoandikwa juu ya ganda la plastiki laweza kudanganya. Vipo vifaa vya kunasia intaneti, kwa mfano, vilivyouzwa kwa jina moja na umbo moja, huku toleo la kwanza likiwa na chipu ya kiwanda kimoja na toleo la pili chipu ya kiwanda kingine, na kiendeshi cha mmoja hakimfai mwenzake. Anayetafuta kwa jina la gandani atazunguka siku nzima. Anayetafuta kwa namba huuliza nasaba.

Basi skana haikuwa imekufa, wala haikuwa imekaa kimya. Ilikuwa imebisha hodi, imetaja jina lake na ukoo wake, na mwenye nyumba ndiye aliyekosa habari zake.

Kujua jina, hata hivyo, ni nusu ya safari. Kijana alipoitafuta namba ile alikuta kiendeshi chake kipo, lakini kilitungwa kwa ajili ya Windows XP, mfumo uliotoka mwaka 2001, na kilikuwa cha biti 32. Kompyuta ya Mwalimu ilikuwa ya biti 64, na mfumo wa biti 64 haukubali viendeshi vya biti 32 kuingia katika kiini chake. Kiwanda hakikutoa kingine. Kilikuwa kimeshaanza kuuza skana mpya, na mkalimani wa ile ya zamani hakuandikiwa mrithi. Kioo cha skana kilikuwa kizima, taa nzima, mkono mzima. Kilichofikia mwisho ni ule ujuzi wa kuifasiri.

Hapa ndipo Mwalimu alipoketi kitako na kusema neno ambalo kijana hakulitegemea: “Kumbe ni kama herufi za mama.”

Kijana akaeleza njia iliyobaki. Miaka ya mwanzo ya 1980, mtaalamu wa programu aitwaye Richard Stallman, katika chuo cha MIT cha Marekani, alitaka kurekebisha programu ya printa ya maabara yao ili iwajulishe watu karatasi zinapokwama. Akanyimwa matini ya programu ile. Kunyimwa huko ni sababu mojawapo iliyomfanya mwaka 1983 atangaze mradi wa programu ambazo kila mtu ataruhusiwa kuzisoma, kuzirekebisha na kuwapa wengine. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, akatoa kiini cha mfumo kilichokuja kuitwa Linux. Ndani ya mwendo huo ukazaliwa mradi wa SANE wa kuandika viendeshi vya skana. Na kwa kuwa matini yake yako wazi, kiendeshi hakilazimiki kufa siku kiwanda kinapokiacha. Akiwapo mtu mmoja popote anayekihitaji na anayeweza kukisoma, hukibeba hadi mfumo unaofuata. Fikra hiyo ilifika na Tanzania: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyofasiriwa kwa Kiswahili, na kufasiri huko kuliwezekana kwa kuwa hakukuwa na wa kuombwa ruhusa.

Kijana aliitafuta namba ya skana katika orodha ya SANE, akaikuta. Usiku akanunua bando, akapakua mfumo wa Linux wenye zaidi ya gigabaiti 2, akauandika katika flashi. Asubuhi akaiwasha kompyuta ya Mwalimu kwa flashi ile, bila ya kuigusa diski ya ndani. Hakupakua kiendeshi kingine. Kilikuwamo humo humo. Akachomeka skana, akaandika amri ya neno moja ya kuorodhesha vifaa, na zile namba mbili zikatokea, safari hii pembeni mwake pameandikwa jina.

Mwalimu alilaza ukurasa wa kwanza juu ya kioo kwa vidole viwili, kama anayemlaza mtoto. Taa ikatembea polepole kutoka juu hadi chini. Ukurasa ulipotokea alisogea karibu na kioo cha kompyuta, akavua miwani, akaivaa tena. Nukta zilikuwapo zote. Hata zile zilizofifia, ambazo macho yake yalikuwa yakizikisia tu kwa miaka kadhaa, zilionekana ukurasa ulipokuzwa.

“Niuite jina gani?” kijana akauliza, maana mfumo ulitaka jina la faili. Mwalimu akamsomea kilichoandikwa juu ya ukurasa: jina la mama, na mwaka wa Hijria. Kijana akauliza ni wapi palipoandikwa hivyo. Akaonyeshwa.

Kazi ya madaftari matatu ilichukua siku nne, kurasa zikihifadhiwa katika flashi mbili, moja ya kubaki Kiwangwa na moja ya kupelekwa Dar es Salaam. Kabla hajaondoka, kijana alikata kipande cha karatasi, akaandika zile namba mbili za skana, jina la kiendeshi, na jina la mfumo uliokikubali, akakibandika kwa gundi chini ya skana, mahali ambapo mtu akiigeuza atakiona. Atakayeirithi asiambiwe kwamba ameletewa maiti.

Mwalimu alikitazama kikaratasi kile kwa muda. Kisha akachukua karatasi safi, akapiga mistari kwa rula kama alivyokuwa akipiga ubaoni, akaanza kuandika herufi za mama yake mkono wa kulia, moja moja, na mbele ya kila herufi, mkono wa kushoto, herufi ya Kirumi inayosomeka sawa nayo. Alipofika kwenye *ba* na *ta* aliweka nukta kwa kukandamiza kalamu, zionekane. Karatasi hiyo sasa imo ndani ya jalada la daftari la kwanza.