Bei na Thamani ya Mchezaji

Kila kitu kiendacho sokoni kina bei, lakini si kila chenye thamani kimeumbwa kiende sokoni. Katika mchezo wa besiboli wa Marekani mambo haya mawili yalichanganywa kwa muda wa karibu miaka mia moja.

Mwaka 1879 wenye klabu walipatana kuwazuia wachezaji watano wa kila klabu wasihamie kwingine. Baadaye desturi hiyo ilienea kwa wachezaji wote ikaandikwa ndani ya mikataba yao. Mchezaji akiisha kutia sahihi, klabu ilijiona ina haki ya kuufanya upya mkataba wake kila mwaka ipendavyo. Kuhama kwa hiari yake hakuweza. Kuuzwa au kubadilishwa kwa mwingine aliweza. Mwishoni mwa 1919 klabu ya Boston ilimwuza Babe Ruth kwa klabu ya New York. Watu walizungumza miaka mingi juu ya hasara ya Boston na faida ya New York. Wachache waliuliza kama ni haki mtu kuuzwa. Mazoea hupofusha macho kuliko giza.

Aliyeuliza swali hilo mbele ya mahakama alikuwa Curt Flood, mtu mweusi aliyezaliwa Houston mwaka 1938 na kulelewa Oakland. Aliichezea St. Louis miaka 12, akasifiwa kwa kudaka mipira ya mbali. Oktoba 1969, akiwa na umri wa miaka 31, aliarifiwa kwamba yeye na wenzake wamebadilishwa kwa wachezaji wa Philadelphia. Hakutakwa shauri. Tarehe 24 Desemba alimwandikia Bowie Kuhn, kamishna wa mchezo huo, kwamba yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa bila kujali matakwa yake. Alipokataliwa, alifungua mashtaka Januari 1970.

Wengi walimbeza. Mtu apataye dola 90,000 kwa mwaka ana haki gani ya kulalamika? Flood alijibu kwamba mtumwa alipwaye vizuri ni mtumwa vilevile. Jibu hili liliwachoma watu, lakini lilikuwa na hoja. Tundu likitiwa dhahabu, ndege huzidi kutazamwa, hazidi kuruka.

Jackie Robinson, aliyevunja mwiko wa rangi katika mchezo huo mwaka 1947, alikuja kumtolea ushahidi. Miongoni mwa wachezaji waliokuwa bado uwanjani hakuja hata mmoja. Waliogopa riziki zao, na hofu hiyo yenyewe ilikuwa ushahidi. Tarehe 19 Juni 1972 mahakama ya juu kabisa ya nchi ilimshinda Flood kwa kura 5 dhidi ya 3. Hukumu ilitaja kwa heshima majina ya wachezaji wa zamani zaidi ya 80. Ilikiri kwamba besiboli imeachwa nje ya sheria za kuzuia ukiritimba kinyume cha michezo mingine, ila iliwaachia Bunge kazi ya kurekebisha. Wakati huo Flood alikwisha kupoteza msimu mzima wa 1970, na alipojaribu kurudi mwaka 1971 alicheza michezo 13 tu, akaacha.

Walakini swali lililokwisha kuulizwa halirudi kinywani. Tarehe 23 Desemba 1975, katika shauri la Andy Messersmith na Dave McNally, msuluhishi Peter Seitz aliamua kwamba klabu yaweza kumzuia mchezaji kwa mwaka mmoja tu baada ya mkataba kwisha. Mwaka uliofuata wachezaji walipata haki ya kujichagulia klabu baada ya miaka sita ya utumishi. Kwa haki hiyo, Desemba 2023, Shohei Ohtani alichagua Los Angeles Dodgers kwa mkataba wa dola milioni 700 kwa miaka 10.

Flood alikufa Januari 1997. Mwaka 1998 Bunge lilipitisha sheria yenye jina lake. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Flood hakupisha, akaangushwa, na wengine wakapita pale alipoanguka. Dola milioni 700 ni bei. Uwezo wa kuikubali au kuikataa ndio thamani, na huo ulilipiwa na mtu ambaye hakuutumia.