Moshi wa Septemba katika Bonde la Rukwa

Ndugu msomaji, kama hujapata kufika Ufipa, nakualika leo tusafiri pamoja. Nchi yetu ya juu, penye mji wa Sumbawanga, iko kadiri ya meta 1,800 juu ya bahari, na asubuhi za mwezi wa Julai maji ya kunawa yanauma vidole kwa baridi. Lakini ukishika njia ya Ntendo kwenda Muze, mara nchi inakatika mbele yako kama mkate uliokatwa kwa kisu. Chini kabisa, karibu meta elfu moja, ndilo bonde la Rukwa, na ndani yake ziwa.

Mimi ni karani wa parokia. Mwezi wa Septemba 2024 nilishuka huko kwa pikipiki nikiwa na vitabu vya ubatizo, nipate kulinganisha majina ya watoto wa Kipaimara katika kigango kimoja. Kwa kuwa nilisomea ualimu, watu wa huko huniita mwalimu, ingawa siku hizi chaki sishiki tena.

Siku zote nikifika ukingoni huzima pikipiki nitazame ziwa. Safari hii sikuona ziwa, wala mashamba ya mpunga, wala hata miti ya kona ya pili. Niliona ukungu wa kijivu tu, na jua juu yake jekundu kama sinia ya shaba, nikaweza kulitazama kwa macho makavu. Kadiri nilivyoshuka, ndivyo koo lilivyowasha. Majivu membamba ya nyasi yalinitua mikononi.

Huenda utasema, “Moshi wa kiangazi ni desturi, tumezaliwa nao.” Ni kweli. Kila mwaka, tangu Juni hata mvua za Novemba, nyika na misitu yetu ya miombo huwaka. Mfugaji huchoma ili majani mabichi yachipue, mkulima huchoma kusafisha shamba, mrina asali huacha kijinga chini ya mti, na vijana huchoma wakiwinda panya. Kila mmoja anauona moto wake kuwa mdogo. Lakini zaidi ya nusu ya eneo la dunia linaloungua kwa mwaka liko katika bara letu la Afrika.

Nililala kwa katekista. Ana mtoto wa kiume wa miaka sita mwenye pumu. Usiku ule mtoto hakuweza kulala chali; aliketi kitandani, mabega yakipanda na kushuka, kifua kikilia kama filimbi iliyopasuka. Mama yake alimpa dawa ya kuvuta, akapata nafuu kidogo, kisha ikarudi. Tulifunga madirisha, tukaziba nyufa za mlango kwa khanga zilizoloweshwa. Kabla hakujapambazuka baba yake alimpakata nyuma ya pikipiki yangu, tukaenda zahanati. Taa ya pikipiki haikupenya hatua kumi.

Mganga alimtibu, na saa tatu asubuhi mtoto aliomba uji. Alitueleza kwamba moshi wa majani una chembe ndogo mno, nyingine hazifiki hata sehemu tatu za milimeta moja iliyogawanywa mara elfu. Unywele wa kichwani ni mnene kuzidi hizo mara ishirini na zaidi. Chembe hizo hazinaswi puani, bali hushuka mpaka ndani ya mapafu, nyingine huingia katika damu. Kwa hiyo wanaoumia kwanza ni watoto, wazee, akina mama wajawazito na wenye ugonjwa wa moyo au wa kifua.

Nikamwuliza kwa nini asubuhi ni mbaya kuliko mchana. Akasema, “Mwalimu, hewa ya baridi ni nzito. Usiku huteremka mlimani na kulala bondeni, na hewa yenye joto hubaki juu yake kama kifuniko cha chungu. Moshi uliowashwa huko juu huteremka nayo, hukaa humu mpaka jua lipate nguvu.”

Tuliporudi, mama wa mtoto alinipokea vitabu vyangu, akaniuliza kwa upole, “Mwalimu, huko juu kwenu nani wanaochoma hivi?”

Ndugu msomaji, sikumjibu. Siku nne kabla ya safari hiyo nilikuwa nimechoma mabua ya mahindi katika shamba langu karibu na ukingo. Upepo uligeuka, moto ukaruka mpaka, ukala mlima kwa siku mbili. Nilijisemea kwamba haukuunguza nyumba ya mtu, basi hapana neno. Sasa nilisimama mbele ya mama huyu nikiwa na majivu mkononi, sikujua kama yalikuwa yangu au ya mwingine.

Moshi hauna mpaka. Mwezi wa Juni 2023 misitu ya Quebec nchini Kanada iliungua, na mji wa New York huko Marekani, mbali mamia ya kilometa, mbingu yake ikageuka rangi ya chungwa. Kutoka shambani kwangu mpaka kwa katekista ni mteremko mmoja tu.

Nikiwa njiani kurudi nilimpitia mzee mmoja jirani yangu. Nilimwamkia, nikamwambia yote. Hakunikaripia. Alinionyesha shamba lake lenye matuta ya mviringo, yale sisi Wafipa tunayoyaita ntumba. Nyakati za mvua, nyasi zikiwa mbichi, yeye huzikusanya, huzifunika kwa udongo, na juu yake hupanda maharagwe. Nyasi huoza humo ndani. Mvua zinazofuata huyatawanya matuta na kupanda nafaka. “Mwanangu,” alisema, “nyasi ni chakula cha shamba. Wewe umekilisha kwa upepo.”

Mwaka 2025 sikuchoma. Mabua niliyalaza kati ya mistari, na pembezoni nililima ukanda mtupu, ili moto wa mwingine ukija usipate njia. Kazi ilikuwa kubwa, na mgongo uliniuma. Kama hapana budi kuchoma, afadhali mwanzoni mwa kiangazi, shina la nyasi likingali na maji, upepo umetulia, majirani wamejulishwa, na watu wapo wa kuuzima. Moto wa Septemba hausikii amri ya mtu.

Na moshi ukifika kwenu, usingoje. Watoto na wagonjwa wakae ndani asubuhi, madirisha yafungwe, jembe lingoje jua lipande. Usiongeze moshi wa kuni chumbani wanamolala. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu wapata milioni 3.2 mwaka 2020. Kitambaa kilicholowa huzuia majivu, lakini chembe ndogo hupita. Barakoa nene inayobana uso vizuri husaidia zaidi. Mwenye pumu awe na dawa yake karibu. Na mtoto akihema mbiombio, au mbavu zikibonyea, mpeleke zahanati usiku huohuo.

Mwezi wa Septemba 2025 nilishuka tena. Moshi ulikuwapo, kwa maana mimi ni mtu mmoja na wachomaji ni wengi. Nilimweleza mama yule habari za shamba langu, hata zile nilizomficha. Alinyamaza kitambo, kisha akamwita mtoto aje kuniamkia. Wewe nawe, kabla hujawasha kiberiti, tazama kwanza nani anaishi chini ya mteremko wako.